Kikao cha Dharura cha Bendi ya Matarumbeta Mapambazuko cha Kuchagua Tuba la B-flati, la E-flati au la C

BENDI YA MATARUMBETA MAPAMBAZUKO, KAGONGWA
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA CHA KAMATI

Tarehe: Jumamosi, 14 Septemba 2024
Mahali: Ghala la mashine ya kukoboa mpunga ya Mama Nelly, Kagongwa
Muda: Saa nane mchana kwa mujibu wa tangazo. Kikao kilianza Mwenyekiti alipofika.

WALIOHUDHURIA
1. Mzee Clemens Maduhu – Mwenyekiti, mpiga ngoma kubwa
2. Bi. Suzana Evance – Katibu, tarumbeta la pili
3. Bi. Klara (Mama Nelly) – Mweka Hazina, mpiga matoazi, mwenye ghala
4. Mwalimu Theonest – Mwalimu wa muziki
5. Ndugu Mayala – Mpiga tuba
6. Bi. Limi (Mama Noela) – Mpiga alto, mpwa wa Ndugu Mayala

ASIYEHUDHURIA
Ndugu Adam (trombone). Alituma ujumbe kwamba anaumwa. Mweka Hazina alisema alimwona asubuhi mnadani akishikilia mbuzi, na kati ya wale wawili mbuzi ndiye aliyeonekana mgonjwa.

MWALIKWA
Wakala wa muuzaji wa vyombo vya muziki kutoka Mwanza. Alikaa nje kwenye gari lake na matuba matatu, akiomba kila mara aambiwe kama kikao kimekaribia kwisha.

KUMB. NA. 1/KD/2024: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala fupi, kisha akaomba mashine ya kukoboa izimwe ili wajumbe wasikilizane. Mweka Hazina aliizima. Wateja waliokuwa na magunia yao nje walilalamika, wakaambiwa wavumilie kwa sababu kuna jambo la bendi. Waliuliza ni jambo gani la bendi linalozidi wali.

Mwenyekiti alieleza kwamba Ndugu Mwigulu, mnunuzi wa dhahabu wa Geita, anamwoza binti yake huko Ushirombo, na ameamua kuizawadia bendi tuba jipya ili lipigwe kwanza kwenye harusi hiyo. Malipo yote ni juu yake. Kazi ya kamati ni moja tu, kuchagua ufunguo wa tuba hilo, na kazi hiyo iishe leo kwa sababu wakala anarudi Mwanza na matuba mawili yatakayobaki.

KUMB. NA. 2/KD/2024: MAANA YA UFUNGUO

Mweka Hazina aliomba kujua funguo ni ngapi na nani atazitunza. Alisema yeye kama mweka hazina yuko tayari, na alionyesha kufuli jipya alilonunua njiani.

Mwalimu Theonest alieleza kwamba ufunguo katika muziki si wa kufungulia kitu. Ni ile sauti ya msingi ambayo tuba limejengewa, inayotoka mpigaji akipuliza bila kubonyeza kibonyezo chochote. Tuba likijengwa refu, sauti hiyo hushuka. Likijengwa fupi, hupanda. Ndiyo maana kuna tuba la B-flati, kubwa kuliko yote matatu yaliyo nje; kuna la C, linalolifuata kwa ukubwa; na kuna la E-flati, ambalo ni dogo.

Mweka Hazina alisema sasa ameelewa, ila kufuli halirudishwi dukani.

Aliuliza pia kwa nini wakala hakuleta tuba la F, maana na lenyewe amewahi kulisikia likitajwa. Mwalimu alisema la F hupendwa na wapiga tuba wanaopiga peke yao mbele ya watu waliokaa kimya. Mweka Hazina alisema watu wa namna hiyo hajawahi kuwaona Kagongwa.

KUMB. NA. 3/KD/2024: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA (TUBA LA ZAMANI)

Katibu alisoma sehemu ya kumbukumbu zilizopita inayohusu kifo cha tuba la zamani, lililokuwa la B-flati. Ilisomeka kwamba tuba hilo lilikanyagwa na ng'ombe wa mahari kwenye sherehe huko Didia, wakati mpigaji wake, Ndugu Mayala, alikuwa ameliacha chini na kwenda kula pilau.

Ndugu Mayala alipinga neno "pilau". Katibu alimkumbusha kwamba alikutwa nyuma ya jiko na sahani mkononi. Ndugu Mayala alisema sahani alipewa, hakuiomba. Aliongeza kwamba ng'ombe hawakuchagua wenyewe kukimbilia upande wa bendi, walishtushwa na trombone ya Adam, ambaye leo hayupo kwa sababu anazozijua mwenyewe na mbuzi wake.

Mwenyekiti alisema jambo hilo limezungumzwa vya kutosha. Kumbukumbu zilithibitishwa na wajumbe wote isipokuwa Ndugu Mayala, aliyekuwa akitazama nje.

KUMB. NA. 4/KD/2024: HOJA ZA WAJUMBE KUHUSU UFUNGUO

4.1 Mwalimu Theonest alitetea tuba la C. Alisema wapiga tuba wengi wa okestra za nje hulipenda kwa sababu sauti yake hutoka upesi na safi, haikawii kama mtu anayeamshwa. Mpigaji pia anaweza kushika kitabu cha kinanda cha kanisani na kupiga sauti ya nne kama ilivyoandikwa, bila kuhamisha noti kichwani. Alisema bendi hii ikitaka siku moja kupiga na kwaya bila aibu, C ndiyo njia.

Ndugu Mayala alisema kitabu cha kinanda hakijawahi kutembea kwenye vumbi kutoka Kagongwa mpaka Isaka nyuma ya jeneza. Mwalimu alisema yeye anazungumzia muziki. Ndugu Mayala alisema na yeye pia.

4.2 Ndugu Mayala alitetea B-flati. Alisema matarumbeta yote ya bendi ni ya B-flati, kwa hiyo tuba la B-flati ni baba yao. Vidole alivyojifunza kwenye tarumbeta akiwa kijana ndivyo anavyotumia kwenye tuba, na asingependa kuanza kufundisha vidole upya katika umri wake. Zaidi ya hayo, alisema, B-flati ina chini. "Ukilipiga kwenye msiba, mtu aliyekuwa hajalia analia. Ukilipiga kwenye harusi, hata mkwe aliyenuna anatikisa mguu. Hilo dogo litamtikisa nani?"

Mwenyekiti alikiri kwamba ngoma kubwa na B-flati vinaendana vizuri. Katibu anaona ni vyema iandikwe kwamba Mwenyekiti hakuombwa maoni.

4.3 Bi. Limi aliomba ruhusa ya kuzungumza. Alimsalimia kwanza mjomba wake upya, "Shikamoo, mjomba," ingawa alikwisha kumsalimia mlangoni, na wajumbe wakajua kwamba linakuja jambo. Ndugu Mayala alisema marahaba bila kugeuka.

Bi. Limi alisema yeye angechagua E-flati. Alto anayoipiga, chombo cha sauti ya kati, ni ya E-flati, na tuba la E-flati ni alto hiyo hiyo iliyoshuka chini, kwa hiyo vidole vyake vinalijua hata kabla hajalishika. Alisema wapiga tuba wanaotembea hulipenda kwa kuwa halichoshi bega, linameza pumzi kidogo, na kwenye nyimbo za kuchezeka haliburuti miguu.

Ndugu Mayala aliuliza nani amesema mpiga tuba anabadilishwa. Alisema anavyoelewa yeye, kinachochaguliwa leo ni chombo.

Bi. Limi alisema, "Mjomba, miezi yote ile ulipokuwa machimboni nani alishika besi? Nilikuwa naipiga kwenye alto, mpaka midomo inavimba."

Ndugu Mayala alisema tuba si mzigo wa mwanamke mwenye mtoto mgongoni.

Bi. Limi alisema, "Noela alikuwa tumboni nikatembea na bendi mpaka Kahama. Huyo alikuwa mzito kuliko tuba, na hakuwa na mkanda wa begani."

Mweka Hazina alipiga makofi. Mwenyekiti alimkumbusha kwamba kwenye kikao hatupigi makofi. Mweka Hazina alisema ghala ni lake.

KUMB. NA. 5/KD/2024: MAJARIBIO

5.1 Kwa kuwa hoja zilikuwa hazimalizi jambo, Mwalimu Theonest alipendekeza kila tuba lipigwe kwa wimbo mmoja wa kutembea, mpigaji akizunguka uwanja wa mashine kutoka mlangoni mpaka geti na kurudi. Wajumbe walikubali. Wateja wa mashine nao walikubali, ingawa hawakuwa wajumbe, na walikaa juu ya magunia yao wakisubiri.

5.2 Tuba la C lilipigwa na Mwalimu Theonest mwenyewe. Lilitoa sauti nzuri kweli, na Katibu, ambaye ana tofauti zake na Mwalimu kuhusu tarumbeta la pili, analiandika hilo bila kulazimishwa. Tatizo lilitokea Ndugu Mayala na Katibu walipoungana naye kwa matarumbeta ili kuona yanavyokaa pamoja. Wimbo ulikuwa wa B-flati, na vidole vya Mwalimu vikaanza kukimbizana kwenye vibonyezo. Alisema ni suala la mazoezi. Wajumbe walikubali kwamba ni suala la mazoezi. Harusi ni mwezi ujao.

5.3 Tuba la B-flati lilipigwa na Ndugu Mayala. Alilivaa, akasimama wima, akapuliza.

Ni lazima iandikwe kwamba ilikuwa sauti kubwa. Mabati ya ghala yalinguruma. Pumba za mpunga zilizokuwa zimelala juu ya mashine ziliinuka zote kwa pamoja na kushuka juu ya wajumbe. Wanawake wawili wa ng'ambo ya barabara walikuja na khanga zao mabegani wakiuliza nani amefariki. Mwenyekiti alifumba macho na kupiga ngoma hewani.

Ndugu Mayala alianza kutembea kuelekea geti. Alifika karibu na mizani ya kupimia magunia, na hapo sauti ikakatika katikati ya mstari. Wajumbe walidhani anavuta pumzi. Hakuvuta. Alishika mizani kwa mkono mmoja, tuba likiwa bado limemning'inia, akakohoa kwa muda mrefu. Bi. Limi alikimbia, akamvua tuba, akampa Mwenyekiti alishike, akamketisha mjomba wake juu ya gunia la mteja mmoja, ambaye alisogea bila kuambiwa.

Ndugu Mayala alisema ni pumba. Pumba zilikuwa zimetuangukia sote, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa anakohoa.

5.4 Baada ya kunywa maji, Ndugu Mayala aliomba kuzungumza palepale nje. Mwenyekiti alisema kikao kinahesabika kuwa bado kinaendelea. Ndugu Mayala alieleza kwamba vumbi la mashimo ya Geita liliingia kifuani na halikutoka. Alishapimwa, na daktari akamkataza kupuliza. Hakumwambia mtu, hata mke wake, ambaye sasa itabidi amwambie kabla wateja hawa hawajafika sokoni. Alisema siku ile Didia hakwenda kula. Pumzi ilimwishia, akaweka tuba chini ili akakae nyuma ya jiko mahali asipoonekana. Mpishi alimwona amekaa akadhani ana njaa, akampa sahani. Ng'ombe walipopita alikuwa hawezi kusimama, achilia mbali kukimbia.

Mwenyekiti alimuuliza kwa nini basi alikuwa anang'ang'ania kubwa kuliko yote.

Ndugu Mayala alisema, "Nilitaka nilipige mara moja tu likiwa jipya. Lile la zamani nililikuta na mabaka tayari."

Bi. Limi alisema, "Mjomba, ungeniambia mimi."

Ndugu Mayala alisema, "Ningekuambia wewe, ungelichukua."

Bi. Limi alisema, "Ningelichukua, ndiyo. Na wewe ungekuwa mzima."

Ndugu Mayala aliomba isiandikwe kwamba alitoa machozi. Katibu ameandika kwamba macho yake yaliingiwa na pumba.

5.5 Tuba la E-flati lilipigwa na Bi. Limi. Alikuwa hataki, akisema majaribio yaahirishwe, lakini Ndugu Mayala alimwambia alivae mwenyewe au yeye amvalishe. Alivaa. Alizunguka uwanja wote mpaka geti na kurudi, na alipofika mlangoni hakusimama, akazunguka tena. Chini yake si nzito kama ya B-flati, hilo lilionekana wazi, na mabati hayakunguruma. Lakini kila noti ilijulikana ilipoanzia na ilipoishia, na matarumbeta ya Katibu na Mwalimu yalipoingia, yalikuta pa kukanyaga. Wateja walianza kucheza. Mmoja alisahau gunia lake limefunguka.

Ndugu Mayala alisikiliza akiwa ameketi, akihesabu mapigo kwa kidole gotini. Bi. Limi alipomaliza, mjomba wake alimwambia mstari wa pili aliukimbiza kidogo. Bi. Limi alisema ameusikia.

KUMB. NA. 6/KD/2024: UAMUZI

6.1 Ndugu Mayala ndiye aliyetoa hoja kwamba kamati ichague tuba la E-flati na kwamba lipigwe na Bi. Limi. Hoja iliungwa mkono na Mweka Hazina kabla haijamalizika. Kura za E-flati zilikuwa nne na ya C moja. Mwenyekiti hakupiga kura. Mwalimu Theonest aliomba iandikwe kwamba hakushawishika, ameshindwa kwa kura tu. Imeandikwa.

6.2 Mwenyekiti alimpongeza Ndugu Mayala kwa hotuba. Alisema mtu mzima huonekana anapojua wakati wake wa kukabidhi. Alisema wengi hung'ang'ania chombo mpaka chombo kiwaonee haya, na kwamba bendi nyingi zimekufa kwa sababu ya wazee wasiotaka kuachia. Wajumbe walisikiliza kwa makini sana.

6.3 Ilionekana kwamba Ndugu Mwigulu lazima aarifiwe, kwa kuwa alikwisha kumwambia Mwenyekiti kwamba anataka kubwa kuliko yote. Mwenyekiti alisema simu yake haina chaji. Mweka Hazina, ambaye ni shemeji yake Ndugu Mwigulu, alimpigia na kuweka sauti ya nje.

Ndugu Mwigulu alisema, "Shemeji, mimi sinunui dogo. Watu wa Geita watasema nini?"

Mweka Hazina alisema, "Watacheza. Subiri," akamwelekezea Bi. Limi simu.

Bi. Limi alipiga mstari mmoja wa wimbo wa kumtoa bibi harusi ndani. Kisha ilisikika sauti ya binti nyuma ya simu akiuliza, "Baba, ndio hao? Waambie waje na huyohuyo." Ndugu Mwigulu alisema basi, liwe hilohilo, ila waling'arishe.

Wakala aliitwa. Alipakia mawili upesi sana na kuondoka kabla kamati haijabadili mawazo.

KUMB. NA. 7/KD/2024: MENGINEYO

7.1 Bi. Limi alisema kuna jambo moja limebaki. Mjomba wake amepiga na bendi hii tangu ilipoanzishwa, na hawezi kurudishwa nyumbani akae akisikiliza kwa mbali. Daktari alimkataza kupuliza, hakumkataza kupiga. Alipendekeza apewe ngoma kubwa.

Mwenyekiti alisema jambo hilo halimo kwenye ajenda.

Katibu alieleza kwamba ndiyo maana ya Mengineyo.

Mwenyekiti alisema ngoma kubwa ina mtu. Mweka Hazina alisema ni kweli ina mtu, na mtu huyo tangu mwaka jana hulalamikia bega, mpaka bendi ikalazimika kuitengenezea ngoma kitoroli cha kuvutwa. Mwalimu Theonest, ambaye alikuwa hajazungumza tangu kura, alisema angependa tu wajumbe wasomewe hotuba ya Mwenyekiti iliyo kwenye 6.2. Katibu aliisoma yote.

Mwenyekiti alisema atatafakari. Wajumbe wote walimtazama, kwa hiyo alitafakari palepale.

7.2 Ndugu Mayala alisema asilazimishwe mtu kwa ajili yake. Alisema anajua uchungu wa kukabidhi chombo, ameuonja leo, na ngoma ile Mzee Clemens ameipigia hata maziko ya mama yake mzazi. Alisema yeye atashika hata filimbi ya mwamuzi. Bi. Limi alimkumbusha kwamba filimbi inapulizwa.

7.3 Mwenyekiti aliinuka, akaenda ilipokuwa ngoma, akatoa kirungu chake cha kupigia na kukifuta kwa shati lake. Kisha akasema, "Kirungu natoa. Ngoma sitoi. Mayala atapiga, lakini kitoroli nitakivuta mimi. Hakuna mwingine anayejua hiyo ngoma inavyopita kwenye mashimo ya barabara."

Mweka Hazina aliuliza kama Mwenyekiti wa bendi kuvuta toroli haitaonekana vibaya mbele ya watu wa Ushirombo. Mwenyekiti alisema mtu akiona vibaya atazame upande mwingine.

Ndugu Mayala alikipokea kirungu kwa mikono miwili na kusema "Wabeja." Mwenyekiti alimwambia asishukuru, aangalie tu asipige pembeni, ngozi imechoka upande wa kushoto.

KUMB. NA. 8/KD/2024: KUFUNGA KIKAO

Kikao hakikufungwa kwa maneno. Ndugu Mayala alitaka kujaribu mkono, akapiga mara mbili. Bi. Limi akaingia na tuba, na matarumbeta yakafuata. Mwenyekiti alikuwa amekwisha kushika mpini wa kitoroli, na alipoanza kuvuta kuelekea getini, bendi ilikwenda naye, wateja nyuma yetu, na hakuna aliyekumbuka kuwasha mashine. Tulipita soko la mchele. Ndugu Mayala alipiga njia yote, na Mwenyekiti, kila penye shimo, aliinua magurudumu kwanza, akayashusha taratibu, ili pigo lisipotee.

Kwa kuwa Mwenyekiti na wajumbe wote walikuwa barabarani, Katibu anahesabu kwamba kikao kilifungwa saa kumi na mbili jioni, bendi ilipogeuza.

Zimesainiwa na:

Clemens Maduhu
MWENYEKITI
(bila pingamizi, isipokuwa kwa namna 7.1 ilivyoandikwa)

Suzana Evance
KATIBU